Oili ya Injini Iliyokula Chumvi Nyingi

Hotuba kwa mafundi, madereva na wenye magari, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa gereji, ndugu madereva, ndugu wenye magari, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara kadhaa kwa mwaka, na ambalo kwa kulizoea mno tumeacha kulifikiria.

Mtu akiingia katika duka la vipuri na kuomba oili ya injini, swali la kwanza analoulizwa ni gari lake ni la mwaka gani. Akijibu kwamba ni la mwaka 1998 au 2003, muuzaji haulizi tena; hunyoosha mkono kwenye rafu akamshushia dumu la lita nne la 20W-50, kwa maelezo kwamba gari la zamani linataka oili nzito. Muuzaji huyo hana nia mbaya, na mara nyingine huwa amepatia. Hata hivyo, umri ulioandikwa kwenye kadi ya gari hautoshi kuamua oili. Nilichokuja kukisema leo ni kwamba oili huchaguliwa kwa kuangalia kwanza injini ilivyoundwa, kisha hali yake ya sasa ilivyo baada ya kupimwa, na kwamba tukifuata utaratibu huo wengi wetu tutagundua kuwa tumekuwa tukizipa injini zetu kitu ambacho hazikuomba.

Magari tunayoyaita ya zamani ni ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakotupoteza tangu hatua ya kwanza. Yapo ambayo ni ya zamani kwa muundo wake: Peugeot 504, Datsun 120Y, Land Rover 109, Volkswagen Beetle. Injini hizi zilibuniwa wakati ambapo SAE 30, SAE 40 na 20W-50 zilikuwa oili za kawaida kabisa. Njia zake za oili ni pana, na hakuna ndani yake mtambo wowote unaotegemea oili kufanya kazi nyingine zaidi ya kulainisha na kupoza. Halafu yapo ambayo ni ya zamani kwa miaka na kilomita tu: Corolla za AE110, Mark II za GX100, Vitz, IST, Probox. Chukueni injini ya 1NZ-FE, ambayo imo katika IST na Probox nyingi zinazopita hapo nje. Hii ina mnyororo wa kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, unaokazwa na springi pamoja na presha ya oili, na ina mfumo wa VVT-i ambao husogeza kemshafti kwa kutumia oili hiyo hiyo, ikipita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo ambacho mafundi wengine hawajawahi kukifungua. IST ya mwaka 2002 imeshatimiza zaidi ya miaka 20 barabarani, lakini haikuwa ndugu wa Peugeot 504 ilipotoka kiwandani na haijawa ndugu yake leo.

Sasa tuziangalie namba za kwenye dumu, kwa sababu ndizo zinazotutisha na ndizo zinazotupa majibu. Madaraja haya yaliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Namba ya mwisho, yaani ile 30, 40 au 50, inaeleza mnato wa oili, yaani uzito wake inapotiririka, injini ikiwa imepata moto, na kipimo chake huchukuliwa oili ikiwa na nyuzi 100 za selsiasi. Oili ya daraja la 30 inatakiwa iwe na mnato wa kuanzia 9.3 na usifike 12.5, daraja la 40 linaanzia 12.5 na halifiki 16.3, daraja la 50 linaanzia 16.3 na halifiki 21.9, kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Namba ya mwanzo, ile iliyo na herufi W, inahusu majira ya baridi, wala haimaanishi uzito kama wengi wanavyoamini. Uwezo wa oili ya 15W kuruhusu injini izunguke wakati wa kuwashwa hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na wa oili ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata Makete mwezi wa saba hatufiki huko.

Kutokana na hilo wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa hatuna baridi, namba ya mwanzo haituhusu, na tukisikia 20W au 5W ni mamoja. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ni kweli kwamba oili ya 20W haitaganda hapa kwetu. Lakini injini iliyolala usiku kucha, iwe Morogoro au Dar es Salaam, oili yake asubuhi huwa na nyuzi ishirini na kitu, na kwa upande wa oili huo ni ubaridi mkubwa ukiulinganisha na nyuzi 100 itakazofikia baadaye. Uji ukipoa huwa mzito, ukichemka huwa mwepesi, na oili ina tabia hiyo hiyo. Kwenye nyuzi 40, oili nyingi za 5W-30 huwa na mnato wa karibu 60 hadi 70. Za 15W-40 huzunguka 110. Za 20W-50 hufika 150 na kupita. Maana yake ni kwamba dakika ile unapowasha gari alfajiri, 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, na pampu inalazimika kuivuta kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kuipitisha kwenye filta, na kuipandisha hadi juu kwenye kemshafti wakati vyuma vimeshaanza kusuguana. Presha ikizidi kwa sababu ya uzito huo, valvu ya kupunguzia presha hufunguka na sehemu ya oili hurudi ilikotoka bila kupita kwenye beringi hata moja. Geji itaonyesha presha nzuri, nawe utafurahi, kumbe oili inayofika inakotakiwa imepungua.

Nitoe mfano wa kazini. Iliwahi kuletwa kwetu IST moja iliyokuwa imepita kilomita 200,000, na malalamiko ya mwenyewe yalikuwa kwamba kila asubuhi akiwasha, injini hupiga kelele ya mnyororo kwa sekunde kadhaa kisha hunyamaza. Alikuwa ameshaambiwa anunue mnyororo na reli zake, na alikuja akiwa na fedha mkononi. Kadi ya sevisi iliyofungwa kwa waya kwenye boneti ilionyesha 20W-50 kwa sevisi zote zilizoandikwa. Tulipoifungua filta tukaona ile mipira ya ndani, inayozuia oili isirudi chini gari linapozimwa, imekuwa migumu kama plastiki. Kwa hiyo kila usiku filta ilikuwa inajimwaga, na kila asubuhi oili nzito ilikuwa inaanza safari upya kutoka chini. Tukaweka 5W-30 na filta nzuri, tukamwomba aje tena baada ya wiki. Mlio ulikuwa umebaki wa kufumba na kufumbua, na mnyororo wa kununuliwa ukaahirishwa. Sitaki mtu aondoke hapa akiamini kwamba kila mnyororo unaolia unaponywa na oili, maana mnyororo uliorefuka hauna dawa nyingine ila kubadilishwa. Nasema tu kwamba oili na filta huangaliwa kabla ya kufungua injini, kwa sababu ndivyo vya bei nafuu kuliko vyote.

Namba sahihi ya gari lako utaipata wapi? Wengi wetu tumenunua magari yaliyotumika Japani, na kitabu chake, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Kisikutishe. Namba za SAE, na zile herufi za ubora za API nitakazozieleza punde, huandikwa kwa herufi na tarakimu tunazozisoma sote, hata katikati ya ukurasa wa Kijapani, kwa hiyo fungua sehemu ya vipimo mwishoni mwa kitabu uitafute 5W-30 au 10W-30 kwa macho. Magari mengi yana namba hiyo kwenye kifuniko cha kujazia oili. Vitabu vya magari yaliyotengenezwa kwa soko la nchi za joto vina chati inayoonyesha hali ya hewa upande mmoja na madaraja ya oili upande mwingine, na mara nyingi chati hiyo huruhusu 15W-40 au hata 20W-50 mahali penye joto. Hivyo 20W-50 haikuzuka hewani. Imo katika baadhi ya vitabu. Ninachopinga ni kuifanya jibu la kila gari.

Baada ya namba kuna herufi, na hizi hazisomwi na watu wengi. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, hutoa daraja la ubora kwa injini za petroli likianza na S, na kwa injini za dizeli likianza na C. Kwa petroli, kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya: SF ilikuwa kwa injini za hadi mwaka 1988, SG hadi 1993, SJ hadi 2001, SL hadi 2004, SM hadi 2010, SN hadi 2020, kisha ikaja SP. Daraja jipya linafaa kwa injini ya zamani zaidi, lakini la zamani halifai kwa injini mpya. Bado kwenye maduka yetu kuna madumu yaliyoandikwa SF/CC au SF/CD, yenye rangi nzuri na bei ya kuvutia, na humo ndani kuna oili ya kiwango ambacho waliokiweka wenyewe wamekwisha kukiacha. Kulitia dumu la namna hiyo kwenye Corolla ya mwaka 2002 ni kuipa oili ambayo kiwango chake kiliisha kabla gari halijaundwa. Mimi nikilazimika kuchagua kati ya 20W-50 yenye SF na 15W-40 yenye SL au SN, siulizi bei. Nachukua ya pili.

Kuna jambo moja ambalo wenye Peugeot 504, Datsun na Beetle wanapaswa kulijua, kwa kuwa kwao upya wa herufi una kasoro yake. Oili ya injini huwekwa mchanganyiko wa zinki na fosforasi ambao hujenga utando juu ya vyuma vinavyosuguana kwa nguvu, na katika injini hizi za kale, tapeti, yaani vyuma vinavyosukumwa na kemshafti ili kufungua valvu, zina uso bapa unaosugua moja kwa moja kwenye kemshafti, kwa hiyo zinautegemea sana utando huo. Fosforasi hiyo, ikiungua na kutoka kwenye eksozi, huharibu kifaa cha kusafishia moshi katika magari ya kisasa. Ndiyo maana kuanzia daraja la SM fosforasi katika oili za 30 na zilizo nyepesi zaidi iliwekewa kikomo cha asilimia 0.08. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa oili za daraja la 40 na 50. Basi mwenye 504 asiende kununua 5W-30 ya kisasa kwa sababu ameambiwa ni ya bei ghali na hivyo ni bora. 15W-40 au 20W-50 nzuri ndiyo inayoifaa injini yake, na hapa nakubaliana kabisa na muuzaji wa duka.

Kwa wenye dizeli nitapita haraka, kwa sababu mambo yao ni mepesi kuamua. Hiace zenye 2L, 3L au 5L na Land Cruiser zenye 1HZ zinakwenda vizuri na 15W-40 yenye CH-4 au CI-4. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Usiimwage kwa kuogopa rangi. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, nayo ilizalisha asidi ndani ya injini, lakini tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo hofu hiyo imepungua. Wanaoendelea kutumia SAE 40 tupu, isiyo na namba ya W, kwenye Hiace, kwa sababu mzee fulani alifanya hivyo, nawaomba waangalie jinsi starta inavyohangaika alfajiri wakiwa Iringa.

Nije sasa kwenye kilio kikubwa, yaani injini inayokula oili, kwa maana hiki ndicho kinachowapeleka watu wengi kwenye 20W-50.

Kwanza tuthibitishe kwamba inaliwa. Oili hutoka kwenye injini kwa njia zaidi ya moja, na mara nyingi inavuja tu. Katika injini za 4A-FE na 5A-FE, ambazo zimejaa kwenye Corolla na Carina, gasketi ya kava ya valvu na zile sili za kwenye mashimo ya plagi hukauka zikapasuka. Chomoa waya wa plagi utazame: ikiwa kofia ya waya imetoka imelowa oili, basi sehemu ya oili unayoililia imo humo, na nyingine inateremka nyuma ya injini, inaangukia kwenye bomba la eksozi na kutoa ile harufu unayoisikia ukisimama kwenye taa za barabarani. Oili nzito haitaziba ufa wa mpira uliokauka. Itachelewesha tu kuvuja, na gasketi mpya ingekuwa imekwisha kufanya kazi.

Ikiwa haivuji, angalieni moshi. Moshi wa buluu unaotoka kwa kishindo gari linapowashwa baada ya kulala, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu zilizochoka, zikiruhusu oili idondoke kwenye silinda usiku. Moshi wa buluu unaokufuata ukipanda mlima kama Kitonga ni ringi za pistoni. Na kabla ya kuhukumu ringi, kagueni ile valvu ndogo ya hewa ya kwenye kava ya injini, inayonyonya mvuke wa ndani na kuurudisha kwenye manifoldi. Ikiziba, presha hupanda ndani ya injini na kuisukuma oili itoke kila penye upenyo. Nimeona ikisingiziwa ringi mara nyingi, ilhali kuikagua ni kuichomoa na kuitikisa usikie kama inagonga. Zipo pia injini, hasa baadhi za lita 1.8 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo. Vikiziba kwa masizi, ringi za oili hunasa, na gari hula oili likiwa bado na nguvu zake zote. Oili ya uzito wowote haitaifungua ringi iliyonasa.

Pili, tupime. Gari lisimame mahali tambarare asubuhi kabla ya kuwashwa, lijazwe oili hadi alama ya juu ya kijiti, na namba ya kilomita iandikwe. Baada ya kilomita 1,000 lipimwe tena katika hali ile ile. Katika injini nyingi ndogo, umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Watengenezaji wengi huhesabu kwamba injini inayotumia hadi lita moja kwa kilomita 1,000 bado haijafikia hatua ya kufunguliwa, ingawa mimi binafsi naona huo ni ukarimu uliopitiliza, na gari linalokula nusu ya hiyo lazima likaguliwe. Ikiwa limekula robo lita, usifanye lolote: jaza ulichopungukiwa, endelea na oili ile ile, na uzoee kuangalia kijiti kila wiki. Injini nyingi zinazokufa hapa kwetu zinakufa kwa kukaukiwa oili, na si kwa kuwa oili ilikuwa nyepesi.

Ikiwa kipimo kimeonyesha ulaji mkubwa, na uvujaji umekwisha kushughulikiwa, hapo ndipo panapofaa kupanda daraja. Pandeni ngazi moja. Kutoka 5W-30 nendeni 5W-40 au 10W-40. Kutoka 10W-30 nendeni 10W-40 au 15W-40. Msiruke kutoka 5W-30 hadi 20W-50 kwa siku moja, na nitawaambia sababu yenye namba. Katika beringi, oili haibaki ikiwa imetulia kama ilivyo kwenye dumu. Inabanwa na kukatwa kwa kasi kubwa ikiwa na joto linaloweza kupita nyuzi 100, na kwa hiyo SAE huweka kipimo kingine cha mnato kinachofanywa kwenye nyuzi 150, na namba zake ni za milipaskali-sekunde, si zile za mwanzo. Kwa daraja la 30 kiwango cha chini ni 2.9, kwa 5W-40 na 10W-40 ni 3.5, kwa 15W-40 ni 3.7, na kwa 20W-50 ni 3.7 vilevile. Oili nyingi za 20W-50 huzidi kiwango hicho, sikatai. Lakini ulinzi unaohakikishiwa kwenye lebo ni ule ule wa 15W-40, huku kila asubuhi ukilipa gharama ya uzito wa ziada, na kila siku injini ikila petroli kidogo zaidi kuikoroga.

Taa nyekundu ya oili inayowaka injini ikiwa imepata moto na gari limesimama ni habari nyingine. Wapo wanaoitibu kwa kuongeza oili nzito hadi izimike, na taa inazimika kweli. Msifanye hivyo kabla ya kupima. Inafunguliwa swichi ya oili, inafungwa geji ya presha mahali pake, injini inapashwa moto, na inasomwa. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota za petroli za miaka ile, kitabu cha fundi kinakubali kilopaskali 29 gari likiwa limesimama bila kukanyagwa, kwa hiyo presha ndogo wakati huo si ugonjwa; presha inatakiwa ipande unapokanyaga mafuta. Ikiwa geji ni nzuri na taa inawaka, swichi ndiyo mbovu. Ikiwa geji nayo inalala hata ukikanyaga, basi ama beringi zimekwisha, ama pampu imechoka, ama wavu wa kunyonyea oili kwenye sampu umeziba kwa tope. Hilo la tatu likitokea, oili nzito inazidisha tatizo, kwa sababu inapita kwenye wavu ulioziba kwa shida zaidi.

Kuhusu oili za sintetiki, watu husema zikiwekwa kwenye gari la zamani huanzisha uvujaji. Oili hizo zilipokuwa bado changa ziliwahi kusumbua baadhi ya sili, na tatizo hilo lilirekebishwa miaka mingi iliyopita. Zinachofanya leo ni kusafisha. Ikiwa sili ilikuwa imekufa na tope kavu ndilo lililokuwa limeziba ufa, oili yenye uwezo wa kusafisha italiondoa tope hilo na ufa utaonekana. Kwa sababu hiyo, ukinunua gari ambalo hujui lilivyotunzwa, fungua kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi. Ukiona vyuma vya rangi ya chai, weka unachotaka. Ukiona tope jeusi linalokwangulika kwa kidole, anza na oili ya madini, yaani ya kawaida isiyo ya sintetiki, au nusu sintetiki ya kiwango kizuri, badilisha oili na filta baada ya kilomita 1,000 au 1,500, rudia, na tope litoke polepole. Zile chupa za kuoshea injini kwa dakika kumi siziungi mkono kwa injini chakavu. Hubandua mabonge makubwa kwa mara moja, na mabonge hayo huenda moja kwa moja kwenye wavu wa sampu. Na chupa za kuongezea zinazodai kukarabati injini, siwezi kuzizungumzia bila kuwapotezea muda.

Muda wa kubadilisha: kwa gari linaloshinda kwenye foleni na vumbi, oili ya madini ibadilishwe kwa kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia, na filta ibadilishwe kila mara pamoja nayo. Naona watu wanabadilisha filta kila sevisi ya pili ili kuokoa fedha kidogo, kisha wanachanganya oili safi na kikombe kizima cha oili chafu iliyobaki kwenye filta ya zamani.

Limebaki suala la oili bandia, ambalo linaweza kuyafuta yote niliyoyasema. Nunueni kwa muuzaji mwenye leseni na duka la kudumu, angalieni alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, namba ya toleo, na pete ya kifuniko kama haijavunjwa. Oili ya API SN inayouzwa kwa bei ya SF ina walakini. Kwa upande wenu mafundi, naomba kitu kimoja ambacho hakigharimu shilingi: mkishamaliza kumimina, litoboeni dumu kwa bisibisi. Madumu mazima yanayonunuliwa gerejini na wapita njia hayaendi kuteka maji yote. Baadhi yanarudi dukani yakiwa yamejaa. Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Wanaoitaka kwa kupaka nguzo dhidi ya mchwa wapo, na wanaoikusanya kwa mapipa wapo pia.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda umekwisha na kwamba maswali ni mengi. Nimekuja na geji ya presha pamoja na mpira wake, na wenzangu wawili wenye spana wako hapo nje chini ya mwembe. Mwenye gari ambalo taa yake ya oili inawaka, au mwenye dumu kwenye buti ambalo hana hakika nalo, alisogeze hapo tulipime kabla injini haijapoa.